Namba Moja ya Simu, Madaftari Matano

Kwa miaka miwili niliandika kumbukumbu za vikao vya kamati ndogo ya masista. Mama mdogo, ambaye ni mtawa wa nadhiri za daima, alinipigia simu akasema wanatafuta mlei, yaani muumini asiye mtawa wala padre, mwenye mwandiko unaosomeka na mdomo usiovuja. Nikaenda. Walikuwa watano, kila mmoja na shirika lake. Aliye nje huwaona masista wote kuwa wamoja, lakini ukikaa nao meza moja tofauti hujitokeza upesi. Huyu shela nyeupe, yule ya kijivu, wa tatu hana shela kabisa, ana msalaba mdogo tu shingoni. Mmoja alitoka shirika la shule, mwingine la hospitali, mwingine la huduma ya magereza. Hata sala ya kufungua kikao hawakuianza kwa namna moja, na mwezi mzima wa kwanza ulipita katika kupeana heshima. "Tafadhali Sista, anza wewe." "Hapana Sista, wewe ni mkubwa."

Kilichowakutanisha ni wasichana waliokuwa wakiahidiwa kazi za ndani ng'ambo, kisha wakifika wananyang'anywa pasipoti na simu, na mshahara hawauoni. Kila sista alikuwa amekwisha kukutana na wachache wao katika kazi zake za kila siku, na kila mmoja alikuwa na daftari lake. Majina hayakuandikwa. Msichana alikuwa herufi moja na namba.

Katika kikao cha nne sista wa shule alisimulia habari ya binti aliyemfundisha miaka ya nyuma. Dalali alimfuata hadi nyumbani kwao, akamlipia pasipoti, akamwambia mkataba atausaini akifika. Sista akaisoma namba ya simu ya dalali huyo tarakimu moja moja ili niiandike. Iliishia na tatu, sita, tatu. Sista wa hospitali, aliyewazidi wote umri, ambaye kila kikao alisikiliza huku akifuma sweta ya mtoto, akasimamisha sindano. "Rudia, Sista." Akarudiwa. Akaweka sweta mezani, akafungua daftari lake, akatembeza kidole ukurasa hadi ukurasa mpaka kwa M-7, binti aliyeletwa wodini akiwa na mkono uliovunjika, wiki moja baada ya kurejeshwa nchini. Namba ile ile. Sista wa magereza hakusema neno. Alitoa mkobani Biblia ndogo ambayo mfungwa mmoja alimkabidhi amtunzie, akafunua jalada la nyuma. Namba ile ile, kwa kalamu ya risasi, imeandikwa mara mbili kana kwamba mwenyewe aliogopa itafutika.

Tulikaa kimya kwa muda mrefu. Mpaka dakika ile kila mmoja wao alikuwa na msiba wake: binti aliyedanganywa, binti aliyeumizwa, binti aliyefungwa. Sasa mbele yao alikuwepo mtu mmoja, mwenye simu moja, anayefanya biashara. Mtawa akiwa peke yake anaweza kumfunga majeraha aliyeumizwa, na Mungu anajua hiyo ni kazi kubwa. Lakini ili amwone anayeumiza, inabidi daftari lake liwekwe kando ya daftari la mwenzake. Ndilo ninaloliamini tangu siku ile, na nimekuwa nikilitafuta katika kila habari ya masista ninayoisoma. Karibu kila mahali nimelikuta.

Chukua habari ya Sista Eugenia Bonetti wa Wamisionari wa Consolata. Alifanya utume Kenya kwa miaka 24. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakubwa wake walimrudisha Italia, wakampangia kituo cha Caritas, shirika la misaada la Kanisa, mjini Turin, kilichohudumia wanawake wahamiaji. Kurudi kulimwuma, kwa kuwa moyo aliuacha Afrika. Jioni moja ya mwaka 1993, akiwa mbioni kwenda misa, alijiwa na mwanamke wa Nigeria, mgonjwa, mama wa watoto, aliyekuwa akiuzwa barabarani usiku. Sista mwenyewe amelisimulia jambo hili mara nyingi mbele za watu, na hafichi kwamba hakujua amfanyie nini, na misa ilikuwa inamsubiri. Mwanamke akamfuata hadi kanisani. Kilio chake kikasikika kutoka nyuma. Kazi ya Sista Eugenia ikabadilika tangu jioni ile.

Angeweza kumtafutia daktari na kitanda, akamaliza. Ila baada ya yule mmoja walikuja wengine, na simulizi zao zilifanana mno kiasi kwamba haikuwezekana kuziita bahati mbaya. Masista wa Italia walikuwa na kitu ambacho dola haikuwa nacho, yaani nyumba. Miito ya utawa ilikuwa imepungua Ulaya na konventi nyingi, yaani nyumba za masista, zilikuwa na vyumba vitupu. Shirika moja likafungua ghorofa yake, la pili likafungua nyumba ya wageni, la tatu likatoa sista anayejua Kiingereza. Mwaka 1998 sheria ya uhamiaji ya Italia ikapata kifungu cha 18, kinachomruhusu mwathirika wa biashara hii kupewa kibali cha kuishi nchini na kuingizwa katika mpango wa kumlinda, hata kama hajawa tayari kumshtaki aliyemuuza. Kifungu hicho kingebaki wino kwenye karatasi kama kusingekuwa na mahali pa kumpeleka msichana saa nane za usiku. Nyumba za masista zilikuwa miongoni mwa mahali hapo. Mwaka 2000 umoja wa wakuu wa mashirika ya kike ya Italia ulimkabidhi Sista Eugenia kuongoza kazi hii kwa nchi nzima.

Lakini kulikuwa na fumbo. Msichana amefunguliwa mlango, amepewa chumba, karatasi zake zinashughulikiwa, na baada ya siku tatu anarudi barabarani kwa miguu yake mwenyewe. Masista wa Italia walishangaa, wengine wakakata tamaa. Jibu lilikuwa Nigeria, hasa katika eneo la Benin City, walikotoka wengi wa wasichana hao. Kabla ya safari msichana alipelekwa kwa mganga, zikachukuliwa nywele zake na kucha zake, akala kiapo kwamba atalipa deni la safari bila kufungua mdomo. Deni lenyewe lilifika makumi ya maelfu ya euro. Akivunja kiapo, atakufa au atakufa mama yake. Kufuli la namna hiyo halifunguki kwa ufunguo wa Turin. Lilihitaji mtu wa Benin, anayeijua hofu ile na lugha yake, anayeweza kwenda kukaa na mama wa msichana sebuleni.

Mtu huyo alikuwepo, naye alikuwa sista. Mwaka 1999 umoja wa masista wa Nigeria ulianzisha kamati ya kutetea hadhi ya mwanamke, COSUDOW, ikafungua ofisi Benin City. Masista wake waliwapokea wasichana waliorejeshwa, wakazitafuta familia zao, wakaingia mashuleni na maparokiani kueleza kinachowangoja barabarani kabla ya dalali kufika na maelezo yake. Sista wa Italia akipiga simu, sista wa Nigeria anajua ni kijiji gani. Na mwezi wa Machi 2018 mfalme wa jadi wa Benin, Oba Ewuare II, aliwakusanya waganga na kutangaza kwamba viapo vyote walivyolishwa wasichana vimefutwa. Ule ulikuwa uamuzi wa mfalme, masista hawakuwa wenye mamlaka juu ya viapo. Ila nadhani waliolia kwa furaha siku ile konventini walikuwa wengi.

Huko Roma, kuanzia mwaka 2003, masista wa mataifa mbalimbali walikuwa wakienda kila Jumamosi katika kituo cha Ponte Galeria, walikofungiwa wahamiaji wanaosubiri kurudishwa kwao. Waligawana kwa lugha. Sista wa Kiromania kwa wasichana wa Romania, wa Kinigeria kwa wa Nigeria. Sioni shirika gani moja lingeweza kuwa na lugha zote zile.

Utaratibu huu wa kushikana mikono kutoka nchi hadi nchi ulipata jina mwaka 2009. Umoja wa kimataifa wa wakuu wa mashirika ya kike, UISG, uliozaliwa mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, ulipokuwa unafungwa, ulianzisha Talitha Kum. Maneno hayo ni ya Yesu katika Marko 5:41, akimshika mkono binti ambaye wote walikwisha kumlilia: Msichana, nakuambia, inuka. Leo mitandao yake imefika katika nchi zaidi ya 90. Roma haitoi amri. Ipo ofisi ndogo, na kila nchi ina mtandao wake unaojiendesha kwa masista walioko pale. Nguvu yake, kwa nilivyoiona kwa macho yangu, ni kwamba ukimpigia sista usiyemjua katika nchi usiyowahi kukanyaga, anapokea, na huhitaji kumweleza wewe ni nani kwa nusu saa. Na kila tarehe 8 Februari, tangu mwaka 2015, Kanisa husali kwa ajili ya waliouzwa, siku ya Mtakatifu Yosefina Bakhita, binti wa Darfur aliyetekwa akiwa mtoto, akauzwa na kuuzwa tena, hadi mahakama ya Venice ilipotamka mwaka 1889 kwamba yuko huru. Watu husahau kwamba siku ile mahakamani hakuwa peke yake. Masista Wakanosa waliokuwa wakimfundisha dini ndio waliosimama naye alipokataa kuondoka na mwanamke aliyekuwa akimtumikisha.

Nirudi kwenye meza yetu, maana sitaki mtu adhani ushirikiano ni jambo jepesi kwa kuwa wote wamevaa misalaba.

Baada ya ile namba ya simu tulikubaliana kuandika barua kwa mamlaka. Barua ilichelewa wiki tatu. Kilichoichelewesha ni kichwa cha barua. Nembo ya nani iwe juu? Shirika moja lilikuwa na jina kubwa, likasema litumike kwa kuwa linajulikana. La pili likakumbusha kwamba kesi nyingi za madaftarini zilitoka kwake. Mama mkuu mmoja aliagiza kwamba sista wake asisaini chochote mpaka baraza lake likae, na baraza lilikuwa likae mwezi unaofuata. Nyumba ya kuwahifadhi wasichana ilipohitajika, shirika lenye nyumba tupu lilisema nyumba ile ilijengwa kwa ajili ya mafungo ya kiroho, na karama ya shirika, yaani kazi ambayo mwanzilishi aliitiwa, ni mafungo. Niliandika yote hayo katika kumbukumbu, na mkono wangu ulikuwa mzito.

Karama si neno la mzaha kwa mtawa. Ndiyo sababu ya kuacha nyumbani kwao, ndiyo sura ya mwanzilishi wao anayemwona akifumba macho. Kumwambia aiweke pembeni ni kama kumwambia mtu asahau jina la ukoo. Sista mfumaji ndiye aliyetutoa pale. Alisema, na nimeyanukuu maneno yake kutoka katika kumbukumbu zangu: "Mwanzilishi wetu alimtafuta mgonjwa, wa kwenu alimtafuta mtoto asiyesoma, wa kwake alimtafuta mfungwa. Huyu msichana ni wote watatu. Mnataka tumkate vipande?" Barua ikaenda bila nembo, na saini tano chini.

Nimekuja kugundua kwamba swali lile limeulizwa mahali pengi. Sudan Kusini ni mfano ninaoupenda. Maaskofu wa huko waliomba msaada, na mwaka 2008, vita virefu vikiwa vimekwisha kwa mkataba na nchi mpya bado haijazaliwa, mashirika mengi ya kike na ya kiume yaliungana kuanzisha Solidarity with South Sudan. Hayakugawana majimbo, hili kule na lile huku, kama wamisionari wa zamani walivyofanya. Yaliweka watawa wao pamoja katika jumuiya moja, wa mabara tofauti, wa kanuni tofauti, wakila pamoja na kusali pamoja. Wau wakaendesha chuo cha afya cha kufundisha wauguzi na wakunga, Yambio chuo cha walimu. Vita viliporudi Desemba 2013, vyuo hivyo viliendelea kufundisha vijana wa makabila ambayo nje ya geti yalikuwa yakiuana. Ukitaka vijana hao waamini kwamba Mdinka na Mnuer wanaweza kulala bweni moja, ni vizuri walimu wao wawe watu wanaoonekana kila siku wakivumiliana juu ya chumvi na juu ya nyimbo za sala ya Masifu. Hapo sijui hotuba gani ingefanya kazi kuliko hiyo.

Wapo wasomaji watakaosema: hayo yote ni huduma, lakini masista wakianza kugusa sheria na bajeti wametoka kwenye utawa wameingia siasa. Nimelisikia hilo hata kanisani. Kwa hiyo niseme habari ya Marekani kwa kirefu kidogo.

Desemba 1971, masista 47 kutoka pande mbalimbali za nchi ile walikutana Washington. Walikuwa walimu, wauguzi, wahudumu katika mitaa ya maskini. Miaka sita nyuma Mtaguso ulikuwa umetoa hati juu ya upyaisho wa maisha ya kitawa, Perfectae Caritatis, iliyowaagiza watawa warudi kwenye chemchemi ya waanzilishi wao. Wakarudi. Wengi wakakuta kwamba mwanzilishi wao hakuanza na jengo kubwa lenye ukuta. Alianza mtaani, na mara nyingi alianza kwa kugombana na mwenye madaraka. Masista wale 47 wakakubaliana kuunda mtandao mmoja wa kuufuatilia utungaji wa sheria, wakauita NETWORK, na mwaka 1972 ofisi ikafunguliwa Washington chini ya Sista Carol Coston, Mdominikani. Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Sista aliye wodini anaona mgonjwa anayerudishwa nyumbani kwa kukosa bima, anaandika. Sista aliye shuleni anaona watoto wanaokuja na njaa, anaandika. Ofisi inasoma muswada ulioko bungeni, inaweka barua zile kando yake, inakwenda kumgongea mbunge. Ni yale madaftari yetu, kwa ukubwa wa nchi.

Mwaka 2010, Bunge la Marekani lilipokuwa likibishania sheria ya kupanua bima ya afya, maaskofu waliipinga kwa hofu kwamba fedha za umma zingelipia utoaji mimba. Viongozi wa mashirika kadhaa ya masista waliisoma sheria ile wenyewe, wakaona hofu hiyo haina msingi katika maandishi yake, wakasaini barua ya pamoja ya kuiunga mkono. Sheria ikapita mwezi Machi. Aprili 2012 Vatikano ilitoa tathmini kali juu ya LCWR, umoja wa viongozi wa masista wengi wa Marekani, ikiutuhumu pamoja na mengine kwamba unasema sana juu ya haki jamii na kunyamaza juu ya uhai wa mtoto aliye tumboni. NETWORK nayo ilitajwa kwa jina. Miezi miwili baadaye, Sista Simone Campbell na wenzake wakapanda basi. Walipita majimbo tisa wakieleza nini kingewapata maskini kama bajeti iliyopendekezwa na mbunge Paul Ryan ingepita. Walisimama kwenye majiko ya kulishia wasio na makazi, kwenye zahanati, kwenye ofisi za wabunge.

Mimi ni Mkatoliki na ninawaheshimu maaskofu wangu. Ndiyo maana linalonigusa zaidi katika kisa kile ni namna LCWR ilivyobeba miaka mitatu iliyofuata. Hawakuondoka Kanisani na hawakunyamaza. Walikutana, wakasali, wakazungumza na maaskofu walioteuliwa na Vatikano kuwasimamia, tena na tena, hadi usimamizi ule ulipofungwa kwa amani Aprili 2015. Sista mmoja peke yake asingeweza. Angevunjika, au angenunua ugomvi usioisha. Walibebana.

Na kuna haki inayodaiwa ndani ya nyumba yenyewe, ambayo kuizungumza kunahitaji moyo. Machi 2018 gazeti la wanawake linalotolewa na Vatikano liliandika wazi kuhusu masista wanaopikia na kufulia makleri, yaani mapadre na maaskofu, bila mkataba, kwa malipo kidogo au bila malipo kabisa, na wasiokaribishwa kwenye meza wanayoiandaa. Novemba mwaka huo UISG ikatoa tamko la kuwasihi masista walionyanyaswa kijinsia wavunje ukimya, waripoti kwa wakuu wao na kwa vyombo vya dola. Februari 2019 Papa Fransisko akakiri mbele ya waandishi wa habari, ndani ya ndege, kwamba wapo mapadre na maaskofu waliowatenda hivyo masista. Kwa miongo mingi sista aliyepatwa na hilo aliambiwa analichafua shirika. Neno lile lilikuwa zito kwa sababu alikuwa peke yake na shirika lake. Linapungua uzito pale wakuu wa mashirika ya dunia nzima wanaposema kwa sauti moja kwamba aibu si yake.

Wala dhambi haikuwa ya makleri tu. Sista Mary Antona Ebo aliingia utawani mwaka 1946, miongoni mwa wasichana Weusi watatu wa kwanza kupokelewa na shirika lao huko St. Louis, Marekani. Tarehe 10 Machi 1965 alikuwa mmoja wa masista sita waliotoka mji huo kwenda Selma, Alabama, siku tatu tu baada ya polisi kuwapiga darajani waandamanaji waliodai haki ya Weusi kupiga kura. Waandishi walipomzunguka alisema yupo pale kwa sababu yeye ni Mweusi, ni mtawa, ni Mkatoliki, na kwa sababu anataka kutoa ushuhuda. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1968, alikuwa miongoni mwa masista Weusi walioanzisha umoja wao wa kitaifa. Walihitaji kukutana wao kwa wao, kutoka mashirika mbalimbali, kwa kuwa ndani ya shirika lake kila mmoja alikuwa wa pekee, na mtu wa pekee ni rahisi kuambiwa kwamba anayoyaona hayapo.

Fedha nitaigusa tu. Mashirika mengi yana akiba ya kuwatunza masista wazee, na baadhi yameitumia kununua hisa chache katika makampuni ambayo matendo yake wanayapinga. Mwenye hisa ana haki ya kupeleka azimio kwenye mkutano mkuu, na kusimama kuliuliza swali. Mwaka 2018, kwa msukumo wa muungano wa wawekezaji wa kidini ambamo masista walikuwa mstari wa mbele, wenye hisa wa makampuni mawili makubwa ya bunduki ya Marekani walipiga kura kuyataka yatoe ripoti juu ya madhara ya silaha zao. Mtu mwenye hisa mia mbili ni mdogo sana. Mashirika 20 yakisaini azimio moja, mwenyekiti hulisoma.

Masista wamepungua. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuwa karibu 1,000,000 duniani, na sasa wako chini ya 600,000. Wapo wanaosema kushirikiana huku ni kwa sababu wameishiwa watu, na kuna ukweli ndani yake. Nyumba zisizo na upungufu zilibisha hodi kwa jirani mara chache. Lakini meza yetu ilikuwa na mashirika mawili machanga yenye manovisi wengi, wasichana walio katika malezi ya utawa, na hayo ndiyo yaliyokuja ya kwanza. Na upungufu hauelezi kwa nini mtu abaki mezani baada ya ugomvi wa kichwa cha barua.

Dalali wa tatu-sita-tatu hakukamatwa. Naandika hivyo kwa uchungu. Barua ilipokelewa, ikapigwa muhuri, na miezi sita ikapita bila jibu. Kisha namba ile ikawa haipatikani. Yule binti aliyefundishwa na sista wa shule hakusafiri, na wadogo zake wawili waliokuwa kwenye orodha hawakusafiri. Msichana mwingine, K-3, aliyekwisha kuondoka, tulimfuatilia kupitia sista wa nchi aliyopelekwa, ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona uso. Alikwenda kugonga mlango ule akiwa na mwanasheria. Mara ya tatu wakafunguliwa. K-3 alitoka bila mizigo na bila viatu, kwa sababu wenye nyumba walikuwa wakivificha viatu vyake kila jioni ili asitoroke. Sista akamvalisha vyake, yeye akarudi kwenye gari pekupeku.

Tangu hapo kila nyumba ya mashirika yale matano ina sanduku la ndara karibu na mlango, za namba zote. Lilikuwa wazo la sista mfumaji. Amekwisha kufariki, na sweta yake ya mwisho ilimaliziwa na sista wa shirika jingine.

Mimi siandiki tena kumbukumbu, yupo kijana mwingine. Mwezi uliopita nilikwenda kumwona mama mdogo. Amezeeka, magoti yamechoka, na anaishi katika nyumba ya wazee ya shirika lisilo lake kwa sababu la kwake halina nyumba ya namna hiyo. Anasali kwa kitabu chao, na nyimbo zao bado zinampiga chenga. Simu yake hailali. Tulikuwa tumemaliza sala ya usiku ilipoita. Alisikiliza kwa muda, akasema "ndiyo, Sista" mara mbili, akanyanyuka kwa kushika ukingo wa kiti na kuanza kwenda taratibu kuelekea mlangoni liliko sanduku.

"Mlete," alisema kwenye simu. "Anavaa namba ngapi?"